Hata Ukucha

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, shida ilianza na muhogo. Kabla ya hapo tulikuwa maskini, lakini umaskini si shida, ni kazi kama kazi nyingine. Mwaka ule mvua ilikataa. Mtama wetu pale Haneti ulikauka ukiwa kimo cha goti, na ng'ombe wa baba wakaanza kulala bila kuinuka. Serikali ikaleta mahindi ya njano, tuliyaita yanga, nayo yakaisha. Baba akasafiri, akarudi na gunia la muhogo kutoka mahali ambapo hakupataja.

Sisi Wagogo ni watu wa mtama na uwele. Muhogo hatukuuzoea. Aliyemuuzia baba alimwonya: huu ni mchungu, uloweke mpaka ulainike, uanike, usiwe na haraka. Mama aliuloweka. Lakini mdogo wangu alikuwa analia, na mama alikuwa na masikio kama mama yeyote. Aliutoa kwenye maji kabla ya wakati wake. Mdogo wangu alishiba siku ile. Alilala ameshiba, hakuamka.

Baba aliondoka tena na safari hiyo hakurudi. Mimi darasa la tatu likanitosha, nikapelekwa Buigiri kufua nguo za watu. Huko kwenye ndoo nilikuwa nikijiambia jambo moja kila siku, mpaka likawa kama mfupa wangu: haraka inaua. Ngoja. Kitu kingoje kiive. Nimejenga maisha yangu kwa kungoja. Wenzangu walikimbilia mjini kuuza pombe, mimi nikauza maandazi pembeni mwa reli Ihumwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikapata kibanda, kisha bati, kisha hoteli yenye meza. Sikuolewa na tajiri, sikurithi, sikupewa. Anayesema nilipewa aje aniambie usoni.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyepokea simu ile.

Malori ya kwenda Kongo na Burundi yalipoanza kuegesha Ihumwa, hoteli yangu ilijaa watu wa Kifaransa. Mwanzoni niliwaona wa ajabu. Wanaingia, wanasalimia kila meza, wanashikana mikono na watu wasiowajua, halafu wanauliza kama kuna mkate mrefu. Mkate mrefu Ihumwa! Nikawapa ugali wa uwele na mlenda. Mrundi mmoja alivuta mlenda ukanyooka kutoka sahani mpaka kidevuni, akaniuliza, "Mama, hiki kinaisha wapi?" Nikamwambia, "Kinaishia tumboni, mwanangu, ukiacha kuuliza."

Kati yao alikuwa kijana mmoja, fundi mitambo, mtu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mpole, mrefu, anakula akiwa ameinamisha kichwa. Alipendana na binti yangu wa mwisho, ambaye alikuwa anahudumia meza. Sikukataa. Mtu anayekula mlenda bila kulalamika anaweza kuvumilia ndoa.

Lakini nilimfundisha adabu zetu. Nilimweleza kwamba kwa Wagogo mkwe ana mipaka. Hakai nami mkeka mmoja. Hanitazami machoni akizungumza. Na mwili wa mke wake hausimulii mbele yangu, hata kichwa kikimuuma, atasema "hajisikii vizuri" na ataishia hapo. Alisikiliza, akashika yote. Wakongo wana adabu, sharti uwaonyeshe pa kuziweka.

Siku ya kumuaga binti, ukumbi umejaa, nikapewa kipaza sauti. Mimi nikipewa kipaza sauti sikirudishi upesi. Nilimwita mkwe wangu mbele na wazee wake waliovuka ziwa, nikasema, "Nimekupa mke. Mwili wake ni wetu. Hata ukucha wake, usimkate bila kuniuliza mimi."

Watu walicheka, vigelegele vikapigwa. Baba wa mkwe wangu hakucheka. Alisimama, mzee yule, akaweka mkono kifuani akasema, "Tumesikia, maman. Hata ukucha." Nikaona fahari. Nikakaa chini.

Binti akaenda Kalemie. Familia ile ina mashine ya kusaga muhogo, akaingia kwenye biashara. Mimba zilimshika, zikatoka. Zilitoka mara tatu. Kila ikitoka, sauti yake kwenye simu ilikuwa inapungua, kama redio inayoishiwa betri. Kanisani kwetu tulimwombea. Vijana wa kwaya, wale wanaochanganya Kiingereza, walikuwa wakiniambia, "Bibi, usijali, atakuwa blesid." Kila kitu kwao ni blesid. Akipata kazi, blesid. Akinunua viatu, blesid. Neno hilo nililijua kwa njia hiyo, kwamba ni kubarikiwa, na nililipenda.

Kisha binti akaacha kunipigia simu ya picha. Alituma salamu tu, fupi fupi. Nikatabasamu peke yangu. Mwanamke aliyepoteza mara tatu, ya nne ataifunika hata kwa mama yake. Sikumuuliza. Nikangoja.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, upepo wa Dodoma ukiwa unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria, ukaingia ujumbe wa sauti wa mkwe wangu kwenye simu. Nilikuwa nachambua mchele. Nikaiweka sikioni.

"Maman, shikamoo. Bibi yangu iko blese. Tuko naye ku opitali. Omba Mungu, maman."

Nilijua kwamba kwao bibi ni mke. Nilijua opitali ni hospitali. Na blese nililijua pia: ile herufi ya mwisho ameimeza, kama Wakongo wanavyomeza vitu. Binti yangu yuko blesid. Yuko hospitali. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wengi kwa pamoja, sauti ikipanda na kushuka. Nikadhani wanaimba.

Niliinuka, mchele ukamwagika wote, sikuuokota. Niliwaambia wapishi, nikawaambia wateja, nikamwambia mchungaji. Mama mmoja wa kanisani akapiga kigelegele pale pale mlangoni, kuku wakakimbia. Siku ile watu walikula kwangu nyama nusu sahani zaidi.

Muda si mrefu mkwe akapiga. Simu ilikuwa na upepo, maneno yanakuja na kukatika.

"Maman, dokta anasema operasyo. Mbio."

"Operesheni?"

"Wii, maman. Anasema mbio mbio. Sisi tunakungoja wewe. Utasema nini?"

Nikavuta pumzi. Hawa madaktari wa siku hizi, nikawaza, mwanamke akiguna tu wanataka kisu. "Haraka ya nini?" nikasema. "Kwetu hatuchanwi. Mama yangu hakuchanwa, mimi sikuchanwa. Mwambie huyo dokta asubiri. Nakuja mwenyewe."

Upepo ukavuma kwenye simu. Nikadhani simu imekatika.

"Ni neno lako, maman?"

"Ni neno langu."

"Basi," akasema, na akalisema kama mtu anayeshusha gunia. Simu ikakata. Nikipiga, hapatikani. Sikushtuka. Kule ng'ambo umeme nao una safari zake.

Nikaanza kupanga safari. Na mimi nikipanga, napanga. Pasi ya kusafiria nilikuwa nayo tangu ile harusi, kwa sababu niliahidi kwenda nikachelewa. Nikaenda kuchomwa sindano ya homa ya manjano nikapata kadi yake. Nikauliza treni ya Kigoma inapita Dodoma siku gani, na meli ya kuvuka ziwa inaondoka lini. Meli ilikuwa bado ina siku kadhaa. Vizuri, nikasema, nitajifunza. Sitaenda kwa wakwe zangu wa Kifaransa kama gogo la mti.

Jirani yangu hapo Ihumwa ni mwanamke wa Kongo, mke wa dereva, anauza vitenge na samaki wa chumvi. Mnene, mcheshi, ana kicheko cha kuamsha mtaa. Nilimwendea nikamwambia binti yangu anakaribia kujifungua, naenda, nifundishe chakula chenu na tabia zenu.

"Maman!" akasema, akanikumbatia na kunigonga kichwa kwa kichwa, huku, kule, na huku tena. "Hii ndiyo ya kwanza. Watakugonga hivi. Usikimbie."

"Sisi tunasalimia kwa mdomo. Mbukwenyi, inatosha."

"Kule haitoshi. Na ukiingia nyumba yenye watu kumi, unapeana mkono na wote kumi. Ukiruka mmoja, huyo ndiye mchawi wako."

Alinifundisha kusema bonjuu asubuhi na bonswaa jioni, na kwamba ukiwahi kusema bonswaa saa tisa hawakucheki, lakini ukisema bonjuu jioni wanajua umelala mchana. Alinifundisha wii, yaani ndiyo, na mesi, yaani asante. Alisema mama wa mume anaitwa belimeri, maana yake mama mzuri. Nikamuuliza, "Wote?" Akaangua kicheko. "Ni jina tu, maman. Kama vile chumvi ya mawe mnavyoiita magadi."

"Magadi ni magadi," nikamwambia.

"Na belimeri ni belimeri."

Kisha chakula. Tulifanyia uani kwangu, nyuma ya hoteli. Alianza na kisamvu, wao wanakiita sombe. Tukatwanga majani kwenye kinu mpaka mikono ikawa kijani, tukachemsha, tukachemsha tena, na kila nikitaka kuonja ananipiga kofi la kiganja. "Bado. Jani la muhogo lina hasira. Acha hasira itoke." Hilo nililielewa kuliko yeye alivyojua. Mawese yakaingia, mekundu, yakafunika chungu chote. Sitaficha: niliangalia ule wekundu nikajifunga kanga ya pili, na jua lilikuwa kali. Nikajiambia ni uzee.

Siku nyingine ilikuwa bukari, ugali wa muhogo. Hapo ndipo nilipopata kazi. Tangu mwaka ule wa mdogo wangu, unga wa muhogo haujaingia nyumbani kwangu. Aliufungua mfuko, harufu ile ya kuchachuka ikatoka, na miguu yangu ikarudi nyuma yenyewe.

"Unaogopa unga, maman?"

"Huu ulilowekwa kiasi gani?"

"Mpaka ukaiva."

"Nani alihakikisha?"

Akaniangalia, akaacha kucheka. Aliusonga taratibu, akakata tonge, akala yeye kwanza, akameza, akanifungulia mdomo kama mtoto nione. Nikala. Mzito, unateleza, hauna ladha ya kitu. Nilikula kwa ajili ya mjukuu.

Zile siku zilikuwa na kitu. Maziwa yaliganda yakiwa bado jikoni. Moto wa kuni ulikuwa ukizima bila upepo. Mpishi wangu mmoja aliota ameng'oka meno, akaja kunihadithia asubuhi, nikamfukuza na ndoto yake. Simu ya binti ilikuwa imezimwa kabisa, na ya mkwe hivyo hivyo. Nilikuwa nashona kofia za mtoto, nakunja kanga laini za kumbebea, naziweka kwenye begi. Watu wakiniuliza habari za binti, nasema blesid.

Siku ya mwisho kabla ya treni tulipika samaki wa chumvi, wanamwita makayabu. Anakuja mgumu kama ubao. Unamkata, unamloweka, unabadilisha maji mpaka chumvi imwachie. Nilimpa yule Mkongo kisu changu cha kuchinjia mbuzi, kikubwa. Vipande vya kwanza vilikuwa vimeshalowekwa, na mafuta yalikuwa yameshaanza kulia kwenye kikaango. Alikuwa ananihadithia jinsi belimeri wake alivyomkataza kupika kwa mwaka mzima, huku anasukuma kisu kwa uzito wote, samaki akateleza.

"Ayi! Maman! Niko blese!"

Nilicheka. Kweli nilicheka. "Umebarikiwa nini, na damu yote hiyo kwenye samaki?"

"Kubarikiwa?" Alikuwa amebana kidole kwa kitenge, damu inapita katikati ya maua ya kitambaa. "Nani amebarikiwa? Nimekuambia niko blese. Nimejikata, maman. Lete maji."

Sikuleta maji.

"Rudia hilo neno."

"Blese."

"Ni nini?"

"Kuumia. Kidonda. Mtu akigongwa na gari, iko blese. Askari akipigwa risasi, iko blese. Maman, damu!"

Mafuta yalianza kuungua, moshi mweusi ukapanda, na hakuna aliyeepua. Nilikausha mikono kwenye kanga. Nikatoa simu, nikaitafuta ile sauti ya mkwe wangu, ambayo sikuwa nimemsikilizisha mtu, kwa sababu sauti ya mkwe ni ya ndani. Nikaiweka wazi katikati yetu.

Yule Mkongo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, "Weka tena." Nikaweka tena. Akaniambia, "Maman, hawa wanawake nyuma wanalia."

Basi. Mtu akiuliza nilihisi nini, sisemi. Nilifanya kazi. Nilimfunga kidole, nikaepua kikaango, nikamwambia, una ndugu Kalemie, wapigie. Alikuwa na binamu. Akapiga, akaongea Kifaransa na Kiswahili chao kwa pamoja, haraka, na safari hii sikumwambia apunguze. Binamu alikwenda kwa miguu mpaka hospitali. Tulikaa pale uani na yule samaki mwenye damu mpaka simu ikalia, na aliyekuwa kwenye simu alikuwa mkwe wangu.

"Nini kimempata?" nikauliza.

"Hajisikii vizuri, maman." Adabu zangu zilikuwa bado zimemshika hata wakati ule.

"Nakuruhusu," nikamwambia. "Utaje mwili wake. Sema."

"Mashine, maman. Mkanda wa mashine ulivuta mkono. Mkono wa kuume."

"Na operesheni?"

"Dokta alitaka vidole vitatu. Alisema vidole vitatu vikitoka mbio, mkono utabaki. Baba akasema, tuliahidi mbele ya watu, hata ukucha. Nikakupigia. Ulisema hapana."

"Nilisema."

"Uchafu umepanda sasa. Dokta anaongea kukata ku kiwiko."

Nilikuwa nimeshika nguzo ya banda, ninaikumbuka ile nguzo, ina mwiba. "Kateni," nikasema. "Fanyeni kila atakachosema. Leo. Sasa hivi. Msimngoje mtu."

"Ni neno lako, maman?"

Aliuliza tena. Mtoto wa watu, aliuliza tena, kwa utaratibu ule ule niliomfundisha.

"Ni neno langu."

Nilipanda treni na begi lilelile. Sikuwa na muda wa kupanga upya. Usiniulize njia ilikuwaje, Kigoma niliona mvua tu na migongo ya watu. Kwenye meli niliketi juu ya begi. Maji yalikuwa yametulia, meusi, na mimi mtu wa nchi kavu sikuyaamini hata kidogo. Ng'ambo, afisa wa forodha alifungua begi langu, akatoa kofia ya mtoto, akaishika kwa vidole viwili, akatabasamu. Akasema neno refu la Kifaransa. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanitafsiria: "Anakupa hongera." Nikamwambia afisa mesi. Ndilo nililokuwa nalo.

Binti yangu alikuwa amelala upande wa dirisha. Alikuwa mdogo kitandani, bila mimba yoyote, kama alivyokuwa akiugua malaria zamani. Shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja, na upande mwingine limelala chini mapema. Nilimsalimia, akaniamkia. Nikasema, "Sikujua. Lile neno la mume wako lilinidanganya." Nikamweleza lote, blese na blesid, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyoeleza hapa.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Mama, mimi nilimwambia dokta akate. Siku ile ile. Nilisema kwa mdomo wangu. Dokta akawaangalia wao. Wao wakakuangalia wewe kwenye simu."

"Mwanangu."

"Mlikuwa mnaulizana nyinyi. Mwili wa kwetu, mwili wa kwao. Mimi nilikuwa hapa hapa kitandani."

Mimi nina jibu kwa kila mtu. Lori zima la madereva nimelinyamazisha kwa mwiko. Siku ile nilichukua kitambaa, nikampangusa uso.

Alipotolewa hospitali, wakwe walinialika mezani. Niligongwa kichwa na kila mtu, nikapeana mkono na wote, sikuruka mmoja. Belimeri wa binti yangu, mwanamke mkavu, mwenye macho ya kulia, alikuwa amepika sombe, bukari na samaki wa chumvi. Kila kitu nilikijua jina. Maji ya kunawa yalipitishwa. Yalipofika kwa binti, yule mtoto aliyepitisha bakuli alisita, hajui amimine wapi. Watu wote wakaangalia sahani zao. Kwao kama kwetu, mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula cha pamoja.

Binti akasema, "Mimi nitakula jikoni."

"Kaa," nikamwambia. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto, nikanawa. Nikakata tonge la bukari kwa huo huo, likaporomoka, nikakata jingine, nikachovya, nikala. Mawese yakanitiririka mpaka kiwikoni. Mkwe wangu akanawa wa kushoto. Baadaye kidogo baba yake naye.

Binti hakunawa. Alituangalia tunavyohangaika, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema, "Mnakula vibaya." Kisha akala.

Tulipomaliza nilisimama. Hapakuwa na kipaza sauti. Nikamwambia yule mzee, "Siku ile ya ukumbini nilitoa neno mbele yako. Hata ukucha. Umelishika kama mwanaume, na limekula mkono wa mwanangu. Leo nalirudisha. Ikitokea lolote, msiniulize mimi. Mwulizeni mwenyewe."

Mzee akaweka mkono kifuani kama zamani. "Tumesikia, maman." Safari hii nilitamani angekuwa mtu anayecheka.

Nilirudi Ihumwa na begi. Kidonda hakikufunga vizuri. Homa inamjia na kuondoka. Juzi mkwe wangu ametuma sauti: dokta anafikiria kukata tena, juu zaidi, karibu na bega, na binti bado hajaamua. Hakuniuliza. Alinijulisha tu, kama nilivyotaka. Nilisikiliza zaidi nyuma ya sauti yake kuliko sauti yenyewe. Hapakuwa na wanawake. Kulikuwa na mashine inayosaga.

Watu wa kanisani bado wananiambia atakuwa blesid. Nawaambia watumie Kiswahili.

Leo, nikiandika haya, nilivyo navyo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma Ihumwa, yenye vyumba vya kupangisha uani. Hoteli, meza zake na friji mbili, moja mbovu. Shamba la zabibu. Shamba la baba Haneti, nililolikomboa mwenyewe, napanda mtama. Mbuzi, na kuku wasiohesabika. Tangi la maji. Kinu cha sombe na sufuria la mawese. Mfuko wa unga wa muhogo, nusu. Pasi ya kusafiria yenye mihuri. Begi la nguo za mtoto, halijafunguliwa tangu nirudi. Watoto wanne, mmoja yuko Kalemie. Simu moja, naiweka wazi, sauti hadi mwisho.